Kwanza Zamu, Kisha Rangi: Sanaa ya Mikono na Ahueni ya Wanaouguza Nyumbani



Niliombwa nizungumzie sanaa na afya. Mada hiyo ni pana mno kwa jioni moja, nami nimeona nichague upande mmoja tu, upande unaosahaulika. Namzungumzia mtu asiye na kitanda wodini wala faili kwa daktari, lakini bila yeye mgonjwa hali, haogi wala hamezi dawa kwa wakati. Ni yule anayeuguza: binti aliyeacha biashara yake amtazame mama, mke anayemgeuza mumewe usiku, kaka aliyehamia kwa baba, bibi anayelea mjukuu mwenye ulemavu. Tukienda kumjulia hali mgonjwa, yeye tunamuuliza anaendeleaje. Kisha tunamgeukia anayemuuguza, na swali ni lile lile: mgonjwa anaendeleaje? Habari zake mwenyewe hazikuulizwa.

Hoja yangu jioni ya leo ni hii. Kazi ya mikono yenye kuumba kitu, iwe kusuka, kufuma, kudarizi, kuchora au kufinyanga, inampunguzia anayeuguza msongo wa mawazo, na upo ushahidi wa jambo hilo. Lakini ahueni hiyo haimfikii asiye na wa kumpokea mgonjwa. Anayetaka kumsaidia kwa sanaa amshikie zamu kwanza, rangi zije baadaye.

Kazi isiyokamilika

Chukueni mama anayemuuguza mumewe aliyepata kiharusi akapooza upande mmoja. Alfajiri anamsafisha, anambadilishia shuka, anampa dawa za presha. Anamkalisha vizuri na kumlisha uji kijiko kwa kijiko, taratibu, maana koo lililolegea humfanya mtu apaliwe. Kila baada ya saa mbili hivi inabidi amgeuze, asije akatoka vidonda vya mgongo na nyonga. Mchana anamnyoosha viungo. Usiku anaamka akiitwa. Kesho yake ni hayo hayo. Shuka iliyofuliwa jana leo imelowa tena, na aliyelishwa asubuhi mchana ana njaa. Hakuna jambo analolimaliza likabaki limekwisha.

Na wenye kubeba kazi hii si wachache. Utafiti uliofanyika katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na jijini Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kwa kila watu 100,000, baada ya kusawazisha tofauti za umri, wagonjwa wapya wa kiharusi kwa mwaka walikuwa takriban 109 Hai na takriban 316 Dar es Salaam. Wanaonusurika hurudi nyumbani, na nyumbani ndiko kwenye wodi isiyo na wauguzi wa kubadilishana.

Ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, yaani demensia, una mzigo wa namna yake. Mzee anauliza jambo moja tangu asubuhi mpaka jioni, anatoka nje usiku wa manane, anamshuku mwanawe kuwa ni mwizi. Nancy Mace na Peter Rabins walipotoa mwaka 1981 kitabu cha kuwaongoza wanaoishi na wagonjwa hao, walikipa jina lenye kusema kwamba siku ya anayeuguza ina saa 36. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na demensia, na kwamba ndugu na jamaa wanaowatunza hutumia wastani wa saa 5 kila siku katika utunzaji. Kwa kila saa 100 za utunzaji huo, 70 zinatoka mikononi mwa wanawake.

Mwili unavyoubeba mzigo

Mwanadamu akitishika, tezi ndogo zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo kotisoli. Homoni hiyo ina faida: hutuamsha asubuhi, hutupa nguvu ya kukimbia hatari, kisha hushuka hatari ikipita. Shida ya anayeuguza ni kwamba hatari yake haipiti. Akilala, sikio moja liko kwa mgonjwa. Akienda sokoni, moyo umebaki nyumbani. Mwili ukikaa katika tahadhari kwa miezi na miaka, usingizi unaharibika, presha inapanda, hasira inakuwa karibu, na magonjwa madogo hayaishi.

Mwaka 1980 Steven Zarit na wenzake walitunga dodoso la kupima mzigo huu, na toleo linalotumika sana siku hizi lina maswali 22. Ukiyasoma utaona yanavyomgeukia anayeuguza mwenyewe: muda wake, afya yake, faragha yake, fedha zake, hata aibu na hasira zake. Kwetu maswali kama hayo ni mazito kuyajibu kwa mdomo. Mtoto gani atasema mbele za watu kwamba amechoka kumuuguza mama yake? Atahofia radhi. Mke atahofia kuambiwa kwamba ndoa ilikuwa ya siku za raha tu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba huuona mwepesi. Basi mtu hunyamaza, na anachokinyamazia humkaa kifuani.

Ndiyo maana sanaa ya mikono inafaa mahali ambapo ushauri wa maneno peke yake unakwama. Mikono haimlazimishi mtu kutamka jambo analoona haya kulitamka.

Ushahidi ulivyo

Utaratibu wa kutumia sanaa kama sehemu ya tiba una historia. Mchoraji Mwingereza Adrian Hill alilazwa kwa kifua kikuu mwaka 1938, akachora akiwa kitandani, kisha akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake. Mwaka 1942 ndiye aliyeupa utaratibu huo jina la tiba ya sanaa. Kwa miaka mingi walioangaliwa walikuwa wagonjwa. Wanaouguza walikuja kukumbukwa baadaye sana.

Mwaka 2004 Sandra Walsh na wenzake huko Florida, Marekani, walichapisha majaribio waliyofanya na watu 40 waliokuwa wakiwauguza ndugu zao wenye saratani. Walitumia kitoroli kilichojaa vifaa vya sanaa, wakakisukuma mpaka walipo ndugu hao. Baada ya kufanya sanaa, msongo na wasiwasi wa washiriki ulipungua na hisia njema zikaongezeka. Zingatieni hicho kitoroli. Watafiti hawakuandika tangazo ukutani kwamba darasa liko ghorofa ya tatu. Walijua anayeuguza hawezi kwenda mbali, wakampelekea.

Mwaka 2016 Girija Kaimal wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, na wenzake walipima jambo hili kwenye mate. Watu wazima 39 walipewa dakika 45 wafanye chochote wapendacho kwa kalamu za rangi, karatasi, udongo wa kufinyanga na picha za kukata na kubandika. Mate yao yalichukuliwa kabla na baada, yakapimwa kotisoli. Karibu robo tatu yao homoni hiyo ilikuwa imeshuka, na waliozoea sanaa hawakuwapita wasioizoea. Miaka mitatu baadaye, Kaimal na wenzake walichapisha utafiti mwingine uliofanyika katika kitengo cha mionzi ya saratani, kwa wahudumu wa afya na kwa ndugu wa wagonjwa. Kundi moja lilipaka rangi michoro iliyokwisha kuchorwa, jingine lilifanya sanaa huru na mtaalamu. Makundi yote mawili yalipata nafuu.

Ushahidi huu una mipaka, na ni haki niitaje. Washiriki walikuwa wachache. Utafiti wa 2016 haukuwa na kundi la kulinganisha nalo, na kotisoli ina tabia ya kushuka yenyewe kadiri siku inavyosonga. Lakini hauko peke yake. Ripoti ya Daisy Fancourt na Saoirse Finn, iliyotolewa na ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, ilikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na picha iliyojitokeza ni kwamba sanaa ina nafasi katika kuzuia maradhi, kuyatibu na kuwategemeza wanaowatunza wagonjwa.

Ukili unatufundisha nini

Tuache maabara, tuingie uani. Wengi wenu mmemwona mama akisuka ukili. Majani ya mkindu yakishakauka huchanwa yakawa membamba, mengine yakachemshwa kwenye rangi. Msukaji anaanza na chane chache, anazipishanisha juu na chini kwa mshazari, na moja ikikaribia kwisha anachomeka nyingine pasipo fundo. Ukili unarefuka mapajani mwake, anauviringisha, anaendelea. Ukifika urefu wa kutosha unashonwa upande kwa upande mpaka unakuwa mkeka.

Itazameni kazi hii kwa jicho la mtu mwenye mgonjwa ndani. Kwanza, inakubali kukatizwa. Mgonjwa akiita, msukaji anauweka ukili chini; akirudi baada ya dakika kumi au baada ya siku mbili, unaanzia ulipoishia, haujaharibika. Kufuma vitambaa kwa kroshia kuna sifa hiyo, na kudarizi foronya pia. Udongo na rangi za maji vinataka muda usiokatizwa, kwa hiyo vinamfaa mtu siku ambayo zamu imeshikwa na mwingine.

Pili, ya jana yapo leo. Nimesema kwamba katika kuuguza hakuna kinachobaki kimekwisha. Katika ukili shibiri aliyosuka Jumatatu ipo Jumanne, anaishika, anaiona. Mtu ambaye jitihada zake zote humezwa na siku anahitaji sana ushahidi kwamba mikono yake bado inaweza kuongeza kitu duniani.

Tatu, uamuzi ni wake. Siku ya anayeuguza inapangwa na wengine: saa za dawa, tarehe ya kliniki, maumivu ya mgonjwa, maelekezo ya ndugu walio mbali. Kwenye ukili yeye ndiye anayeamua kama chane nyekundu iingie sasa au ingoje. Uamuzi huo ni mdogo, lakini haombi ruhusa ya mtu.

Na akisuka na wenzake, kuna jambo la nne. Macho yakiwa kwenye kazi, ulimi unalegea. Maneno ambayo mtu asingeyasema akitazamwa usoni huyasema akiwa ameinamia mkono wake, na wenzake huyapokea bila kumkodolea macho. Bibi zetu waliokaa barazani na ukili wao walilijua hilo.

Wanawake wa Hamburg

Mfano mkubwa kuliko yote ninaoujua barani kwetu uko katika kijiji kiitwacho Hamburg, Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, kwenye mdomo wa mto Keiskamma. Mwaka 2000 alihamia hapo Carol Hofmeyr, daktari ambaye pia ni msanii. Alianzisha mradi wa kudarizi na wanawake wa kijiji, wengi wao hawakuwa na kipato. Ilikuwa miaka ambayo UKIMWI unafagia nyumba, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa na serikali ya nchi hiyo mwaka 2004 tu. Wanawake waliodarizi ndio hao hao waliokuwa wakiwaogesha watoto wao wakubwa waliokonda, wakiwazika, na kubaki na wajukuu.

Mwaka 2005 watu wapatao 130 wa kijiji hicho walikamilisha kazi moja kubwa ya pamoja, inayojulikana kama Madhabahu ya Keiskamma. Inafunguka kwa tabaka kama milango, na kimo chake ni takriban mita 4. Waliifuata kwa umbo Madhabahu ya Isenheim ya Matthias Grünewald, iliyochorwa karibu na mwaka 1512 hadi 1516 na sasa iko Colmar, Ufaransa. Madhabahu hiyo ya zamani iliwekwa katika nyumba ya watawa waliowatunza wagonjwa, ili wagonjwa waitazame. Wadarizi wa Hamburg walibadilisha wahusika. Pale Grünewald alipomweka Kristo msalabani, wao waliweka mjane wa kijijini kwao na yatima. Na ukifungua tabaka la ndani kabisa unakutana na picha za bibi watatu wa hapo hapo, kila mmoja na wajukuu anaowalea.

Nataka tuelewe uzito wa jambo hilo. Katika tabaka la heshima kuliko yote, waliwekwa wanaouguza na kulea. Madhabahu hiyo ilisafiri mpaka Kanada na Marekani, ikasimamishwa katika makanisa makubwa. Kazi iliyofanyika vyumbani gizani, bila shahidi, ilipewa uzi, rangi na mahali pa kusimama. Wanawake hao pia walilipwa kwa sindano zao, na fedha hiyo ilinunua chakula. Hofmeyr naye hakuishia kwenye uzi. Kijijini hapo palianzishwa pia matibabu na mahali pa kuwatunza waliozidiwa. Sanaa na huduma vilikwenda pamoja, na ndiyo maana vilidumu.

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kudhani sanaa ni ya wenye vipaji. Mtu mzima ukimpa kalamu ya rangi hujibu upesi kwamba yeye hajui kuchora. Tumweleze kwamba hapa hakuna anayetoa alama. Mchoro wake hausahihishwi, hauanikwi ukutani bila idhini yake, wala haulazimishwi kuelezwa maana. Akitaka kuuchana baada ya kuumaliza, auchane.

Kosa la pili ni kugeuza kila kazi ya mikono kuwa mradi wa kuuza. Sisemi fedha si muhimu. Nimewaeleza ya Hamburg. Lakini ukimwambia aliyechoka kwamba vitambaa kumi viwe tayari Ijumaa, umemwongezea mgonjwa wa pili. Anayetaka kuuza auze, ila kibaki kipande kimoja kisicho na oda wala tarehe, ambacho ni cha nafsi yake.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Ni kumpelekea mtu zawadi ya rangi na nyuzi, tukapiga picha, tukaondoka, tukamwacha peke yake na mgonjwa yule yule. Vifaa hivyo vitakaa kabatini, na kila akifungua kabati vitamkumbusha jambo jingine aliloshindwa kulifanya.

Kushika zamu

Mgonjwa akitoka hospitali, familia nyingi hukutana na kuchanga fedha. Ni desturi njema. Naomba katika kikao hicho hicho tuchange na saa. Iandikwe karatasi: Jumamosi alasiri ni ya fulani, Jumatano jioni ni ya fulani. Na wanaume waandikwe pia. Kumlisha baba yako uji hakukupunguzii chochote. Aliye mbali, Muscat au Minnesota, anayetuma fedha kila mwezi, atenge sehemu yake kwa ajili ya kumlipa mtu wa kushika zamu alasiri moja kwa wiki. Anayeshika zamu afundishwe kwanza: jinsi ya kumgeuza mgonjwa, jinsi ya kumkalisha kabla ya kula, dawa ipi saa ngapi. Asipofundishwa, mwenye mgonjwa hatatoka kwa amani hata akisukumwa.

Hospitali zetu nazo zina nafasi. Ndugu wa wagonjwa hukaa uani na kwenye vibaraza kutwa nzima wakingoja saa ya kuingia wodini. Wanaokuja kwa mionzi kutoka mikoa ya mbali hukaa wiki kadhaa. Kitoroli cha karatasi, kalamu za rangi, uzi na kroshia si gharama ya kuishinda hospitali. Kinachohitajika ni mtu mmoja wa kukisimamia na kivuli cha kukaa, pamoja na utaratibu wa kunawa mikono na kutopeleka vifaa kitandani kwa mwenye maradhi ya kuambukiza.

Misikiti, makanisa na vikundi vya akina mama vinaweza kufanya hayo hayo mtaani. Wawili wakae na mgonjwa, mmoja aandamane na anayeuguza kwenda kwa wenzake wanaosuka. Dakika 45 zinatosha kwa kuanzia.

Pamoja na hayo, sanaa isibebeshwe isiyoyaweza. Hailipii dawa, haiondoi ufukara, wala si badala ya daktari. Anayeuguza akikosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili au zaidi, akilia bila sababu anayoijua, akiona maisha hayana maana, au akipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mgonjwa, hiyo huenda ni sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, bila kulaumiwa.

Mabibi na mabwana, nimesema nilichokuja kusema. Karibu kila ukoo uliowakilishwa humu una mtu anayeuguza sasa hivi, na wengi wenu mmeshamkumbuka wakati nikizungumza. Mkitoka hapa msimwambie ajipumzishe, wala msimnunulie kitu kwanza. Mpigieni simu mumuulize ni siku gani na saa ngapi mtamshikia zamu, na siku hiyo ikifika mwende, kwa wakati, na mkae mpaka atakaporudi.